Sauti ya Lyle Ndani ya Diski Mbili

Jumamosi, 3 Februari

Diski ya zamani ya kompyuta imeanza kugonga. Tik, tik — kimya. Ndani yake zimo sentensi elfu moja na mia sita za mume wangu. Lyle alizirekodi kabatini, katikati ya makoti ili kusiwe na mwangwi, kabla ugonjwa haujamfika ulimini. Tarehe ishirini kliniki inazichukua ili imtengenezee mashine ya kusemea kwa sauti yake mwenyewe. Zikipotea, basi. Siku hizi hata jina langu, "Noreen", analitoa kwa shida. Naogopa hata kuugusa waya.

Jumapili, 4 Februari

Nimenunua sanduku la diski mbili, terabaiti nne kila moja. Nyuma kuna swichi ndogo: uziunganishe ziwe diski moja kubwa, au ziwe pacha, kila kitu kiandikwe mara mbili. Dwayne, mdogo wake Lyle, alikuja kula perogi za viazi.

"Unganisha, shemeji. Nani ananunua nafasi halafu anaitupa nusu?"

Nikamwambia zikiunganishwa, ikifa moja zimekufa zote.

"Wewe ungeweza ungeweka na mume wa akiba."

Lyle alicheka. Kicheko bado ni chake. Nimesogeza swichi kwenye pacha.

Jumatatu, 5 Februari

Sentensi zimeingia zote! Kompyuta inaonyesha nafasi ya terabaiti nane. Kubwa kweli, nimefurahi. Dwayne ameomba diski ya zamani, aifute aweke mechi zake za hoki. Nikasema inagonga. Akasema hata gari lake linagonga.

"Si una pacha sasa?"

Nikampa.

Alhamisi, 8 Februari

Taa nyekundu, diski ya kulia. Mwanzoni sikuhangaika, si ndiyo kazi ya pacha? Kisha kompyuta ikasema haioni kitu. Hakuna hata faili moja.

Nimesoma kijitabu cha maelekezo, ambacho nilipaswa kukisoma Jumapili. Swichi peke yake haibadilishi chochote. Ukishaisogeza lazima ubonyeze kitufe kilichojificha kwenye kitundu, kwa ncha ya pini. Sikubonyeza. Sanduku lilibaki kama lilivyotoka kiwandani — limeunganishwa. Pacha ingeonyesha nne. Niliiona nane kwa macho yangu nikafurahi, mjinga mimi. Kila sentensi nusu iko huku, nusu iko kule. Nikibonyeza sasa, kinafuta kila kitu.

Dwayne yuko ziwani tangu jana, kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu. Simu haipatikani. Sijui kama ameshaifuta ile diski. Naendelea kumpigia.

Lyle amenikuta sakafuni na pini mkononi. Ameuliza kitu. Sikuelewa. Akarudia. Mara ya tatu nikasema ndiyo, ndiyo, ili aache tu. Akaitazama taa, akanitazama mimi, akaanza tena, polepole, neno moja moja.

Hapo ndipo simu ya Dwayne ikaanza kuita sikioni mwangu. Nikamwekea Lyle kidole mdomoni, anyamaze nisikie.

Amenyamaza. Bado inaita —