Jina Lako kwenye Teleksi

Kaka Hamisi,

Ni mimi Rehema, uliyenifundisha teleksi. Kiti chako nakikalia mimi sasa.

Arobaini yako tuliisoma Ijumaa. Jumatatu, saa tano asubuhi, mashine ikalia, karatasi ikaanza kupanda: REHE NI MIMI HAMISI. NIKO TAWINI NAIROBI. NIANDIKIE TEOPISTA ANAKAA WAPI.

Baba ndiye aliyekuosha, kaka. Alituambia alichokiona mgongoni mwako. Lakini hilo "Rehe" ni wewe tu uliyekuwa ukiniita. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya vitufe. Nilitaka kukujibu. Wallahi nilitaka.

Kilichonizuia ni maneno yako ya kila siku: "Usiamini jina, mdogo wangu. Jina mtu yeyote analiandika. Kata, halafu piga wewe, kwa namba unayoijua."

Nikakata. Simu ya ofisi nayo niliiogopa, nikaenda Kikuubo kupiga kwenye duka la mjomba. Yule dada wa tawi la Nairobi akasema, "Hapa leo hatujawaandikia chochote." Nikamtajia jina lililoandikwa. "Na Hamisi si mlimzika?"

Niliporudi nilitazama kisanduku cha waya pale kwenye ngazi. Waya mpya mweupe ulitoka humo, ukapita chini ya mlango wa kile chumba kisicho na mpangaji, kilicho chini ya ofisi yetu. Nikasimama. Ndani, mtu akakohoa.

Sikugusa kitu. Jioni nilimkuta Teopista sokoni Nateete, nikamnong'oneza. Unajua mumewe alitoroka kambi ya jeshi. Unajua ni anwani ya Teopista uliyokataa kuwapa askari siku waliyokuburuta ngazini. Aliacha kikapu chake palepale, akaenda kuwachukua watoto. Wamevuka mpaka, wamefika Kisumu. Dereva wa lori ameniletea salamu zao.

Sasa kwenye mashine naandika magunia ya kahawa tu, na kila ujumbe unaoingia nauhakikisha kwa simu ya Kikuubo.

Leo imelia tena. REHE MBONA HUNIJIBU. NAUMWA.

Nilikalia mikono yangu mpaka mashine ikanyamaza. Kisha nililia, kaka, kimya kimya, kwa kuwa chini yangu kuna anayesikiliza.

Lala salama. Nakuahidi: wakiliandika jina lako hata mara mia, sitajibu. Nikiwa na la kukuambia nitakuja Kyebando, nikae karibu na kaburi lako, nikuambie kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Rehema