Roho Haina Tumbo

Nangara, Babati
9 Februari 2003

Mwanangu Ludovick,
Hujambo huko seminari? Unakula? Sisi wazima, mahindi yanaota vizuri, na tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya wageni wamejaa mjini.
Kuna mama wa jumuiya yetu ananisumbua. Binti yake ameanza kuanguka na kutokwa na povu. Hospitali walimpa vidonge, lakini Mama Heriel wa maombi anasema ni pepo. Wewe unasoma mambo ya Mungu. Mapepo yalitoka wapi, na vidonge vinayaweza?
Jacqueline mdogo wako anakusalimu.
Mama yako

2 Machi 2003

Shikamoo mama,
Mimi mzima. Swali lako limenifurahisha mno! Mwambie hivi: Mungu hakuumba pepo. Aliumba malaika, wote wema. Baadhi wakaota kiburi, wakamkataa, wakatupwa. Hao ndio mapepo. Ni roho tupu, na roho haina damu wala tumbo. Sasa kidonge kitamezwa na nani? Ni kufukuza moshi kwa fimbo. Dawa yake ni sala na kufunga.
Mwanao Ludovick

19 Machi 2003

Marahaba mwanangu,
Barua yako imesomwa kwenye maombi, watu wakapiga makofi, nikajiona mama wa padre tayari!
Sasa nikuambie ukweli. Yule mama ni mimi. Anayeanguka ni Jacqueline. Nilificha, nikiogopa ukoo wetu usije ukasemwa, nawe ukanyimwa upadre. Vidonge nimevitupa chooni. Tunafunga, na yeye anafunga.
Mama yako

4 Aprili 2003

Mama, shikamoo,
Mrudishie vidonge leo hii! Uliniuliza habari za pepo, nikajibu za pepo, wala sikuuliza kama ni pepo kweli. Hicho ni kifafa, mama, ugonjwa kama malaria. Mpe chakula, mpeleke hospitali. Nakupigia magoti. Nijibu upesi, silali.
Ludovick

27 Aprili 2003

Mwanangu,
Pole na masomo. Barua yako ilifika tumeshamzika. Alianguka kwenye moto jikoni, mimi nimekwenda kuteka maji. Nilimkuta hapumui.
Wanamaombi wanasema pepo lile lilikuwa na nguvu kuliko sala zetu. Nimewaitikia. Barua yako hii ya mwisho sijamwonyesha mtu, nimeichana. Wakijua kilichomuua ni kuacha vidonge, wote watakumbuka nani aliandika kwamba roho haina tumbo. Wewe soma, mwanangu. Mimi nitaendelea kusema ni pepo.
Mama yako