Chumba cha Upande wa Kibla

Shangazi Rukia,

Kabla sijasema lolote, nakuomba haya yabaki kati yetu wawili. Usimwambie Bibi, maana najua mmeshakaa pamoja mnanong'ona, na Bibi hakuwahi kulala na siri hata alipokuwa hai. Barua ya kwanza niliichana kwa sababu niliandika jina kamili la bosi. Ya pili niliichana kwa sababu wino ulivuja, nikaona ni ishara. Hii ya tatu naiandika nyuma ya fomu za maombi zilizokosewa, na kila mlango ukilia naifunika kwa kalenda. Karani mzima, mwenye shahada na muhuri wake, anamwandikia marehemu habari za vitanda na vyungu vya maua! Ikijulikana, sijui uso wangu nitauweka wapi.

Siku uliyoondoka nilikuwa kazini hapa Olaya, Riyadh, napokea pasipoti za wasichana wa kazi za nyumbani walioshuka uwanja wa ndege alfajiri. Mwajiri wako, madam Hanan, alipiga simu kutoka Jeddah baada ya Adhuhuri. Kabla kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, hajapatikana anipe ruhusa ya kusafiri, ulikuwa umeshaswaliwa na kuzikwa. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kupiga mihuri. Baadaye ikagundulika nimeipiga yote miguu juu, nikaambiwa nirudie. Hivyo ndivyo mazishi yako yalivyokuwa kwangu, Shangazi. Nisamehe.

Sanduku lako lilikuja kwa basi. Kanga mbili, kichupa cha udi, na lile daftari lako la jalada jekundu. Daftari ndilo lililoniponza.

Unakumbuka mwenyewe lilivyoanza. Madam Hanan alirudi kutoka Malaysia na kitabu kinene cha feng shui, ule utaratibu wa Kichina wa kupanga nyumba ili pumzi yake ipite bila kukwama. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha madam kiliishia kwenye salamu. Wewe ulikuwa na cheti chako cha kidato cha nne cha Mombasa, basi ukawa unasoma jikoni huku vitunguu vikiiva, kisha unamweleza kwa Kiarabu. Haukupita mwaka, ukawa unaitwa nyumba za dada zake na mashoga zake. Ijumaa moja ulinipigia ukicheka mpaka ukapaliwa: "Mwanangu, leo nimemhamishia kitanda mke wa daktari. Amenishika mkono akanishukuru kana kwamba daktari ni mimi!"

Na ile siku nilipokuja Umra, tukatembea Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Ulisimama mbele ya kila nyumba ya zamani ukaipima kwa macho kama fundi cherehani anayempima mtu tumbo. "Mlango huu wameza. Ule watema." Muuza viungo mmoja akakuuliza duka lake likoje. Ukamwambia magunia ya pilipili manga yaziba riziki, ayaondoe mlangoni. Akayaondoa palepale. Tulipofika mbali ukaninong'oneza kwamba wiki iliyopita ulijikwaa kwenye magunia hayo, na kidole bado chakuuma. Nilicheka, lakini sikufikiri. Mimi na elimu yangu yote, sikufikiri.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mke wa bosi wangu, Umm Fahad, ni mdogo wake madam Hanan. Walikuwa wamehamia villa mpya na alikuwa anakungoja wewe uje Riyadh umpangie. Ulipokufa alikulilia siku tatu. Ya nne akauliza ni nani amerithi kazi yako. Bosi akaniita.

"Fatuma, wewe si damu ya Rukia?"

Nikasema ndiyo, bosi. Nilidhani anauliza habari za ukoo.

"Halas. Kesho unaenda kwangu. Madam anataka nyumba ipumue."

Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ilikuwa imebakiza wiki chache iishe, na ilikuwa mezani kwake, chini ya kikombe chake cha kahawa. Nilikitazama kile kikombe. Nikasema hadhir, niko tayari, bosi.

Nilikesha na daftari lako kama mtu anayefanya mtihani. Ukurasa wa kwanza umeandika: "Kaskazini na kusini zanichanganya. Ninayoijua ni kibla." Kisha mambo yote ukayapanga kwa kibla. Upande wa kibla, mimea, na huko ndiko alale mwenye kuwasha moto wa nyumba. Mkono wa kulia, taa na vitu vyekundu. Mkono wa kushoto, maji. Mgongoni mwa kibla, chuma. Mapambo madogo ya vioo yafungiwe, yanakwamisha pumzi. Chura wa Kichina wa bahati hapana, ni sanamu, malaika hawaingii. Badala yake bakuli la makomamanga. Niliyashika kama ninavyoshika kanuni za ofisi. Sikuruka hata mstari.

Mfanyakazi wa pale anaitwa Nekesa, wa Bungoma. Fomu yake nilimjazia mimi mwenyewe. Miezi minane alikuwa analala stoo, kando ya mashine ya kufulia. Stoo haina dirisha, na mashine ikifanya kazi joto lake linapita chini ya mlango. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, na kila nikimuuliza anasema, "Si kitu, sista, ni vumbi tu." Yeye ndiye aliyenisaidia kusukuma makochi. Tulipofika kwenye kabati la Umm Fahad lenye bata maji wa kioo, wadogo kwa wakubwa, nikasoma mstari wa mapambo. Nekesa akaweka kitambaa chini.

"Sista, hawa bata nimewapangusa mpaka nimejua tabia zao. Wafungie! Na ufunguo usinionyeshe."

Ikaja zamu ya chuma. Chuma kikubwa kuliko vyote mle ndani ni mashine ya bosi ya kukimbilia, iliyokuwa sebuleni ikianikiwa mashuka. Mgongoni mwa kibla palikuwa ni stoo. Tukaisukuma mpaka stoo, ikajaa pote. Na upande wa kibla, kwa mwenye kuwasha moto, palikuwa ni chumba cha wageni. Kina dirisha, pazia na bafu lake.

Umm Fahad akasimama mlangoni. "Chumba cha wageni, Fatuma?"

Nikampa daftari. Kiswahili hajui. Aliweka kidole juu ya mwandiko wako, akakuombea rehema, "Allah yirhamha," kisha akamwambia Nekesa ahamishe godoro. Bosi aliporudi akatafuta mashine yake, akaambiwa Mchina ameikataza sebuleni. Sijawahi kumwona mtu akipokea katazo kwa furaha namna ile. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha kumkumbusha tumbo lake.

Nekesa alinipigia asubuhi ya pili. "Sista, leo nimeamka nikajua kumekucha bila kuangalia simu! Huyo Mchina wenu, Mungu ambariki." Baada ya wiki mbili kikohozi kilikuwa kimeisha.

Ila mimea. Vyungu vitatu, vyote vikaungua majani kama vimepigwa pasi. Umm Fahad akapiga simu: "Fatuma, mimea imekataa." Nikajibu kwamba inameza husuda ya majirani. Wallahi sijui nililitoa wapi jibu hilo, labda wewe ulinitia mdomoni. Akanunua vingine vitatu. Navyo vikaungua. Akasema hakujua kama majirani wana husuda kiasi hicho, na akaacha kuwaamkia.

Kisha siku moja nilikuwa naswali Alasiri ofisini, chumba cha wanawake. Jua likapenya dirishani likanipiga usoni, nikafumba macho. Na nikiwa nimefumba nikakukumbuka ukisema kwamba wapenda Alasiri ya Jeddah kuliko swala zote, kwa sababu jua linakukanda mgongo, na bahari pia iko nyuma yako. Mgongo! Nikapoteza hesabu ya rakaa. Ilibidi nianze upya, Shangazi, mara mbili.

Jeddah, Makka iko mashariki. Ukielekea kibla, jua la jioni liko nyuma. Riyadh, Makka iko magharibi, na jua la jioni liko machoni. Kibla ya daftari lako ni ya Jeddah. Mimi nilikuwa nimeichukua mimea ya mashariki nikaiweka magharibi, kwenye jua la saa kumi linalochemsha hata bomba. Maji nimeyaweka kwenye moto, moto nimeuweka kwenye maji. Nyumba nzima ya bosi wangu nilikuwa nimeipanga kinyumenyume, ikama yangu ikiwa bado chini ya kikombe.

Ningesema tu nimekosea na nirekebishe. Nilishachukua hata simu. Lakini nikapiga hesabu. Nikigeuza kila kitu, mwenye kuwasha moto anakwenda mashariki, na mashariki ya nyumba ile ni stoo. Mashine ya bosi inatoka, Nekesa anaingia. Nikairudisha simu mkobani.

Jioni hiyo hiyo Umm Fahad akanipa habari njema: dada yake, madam Hanan, anakuja Alhamisi kutoka Jeddah kuiona nyumba. Aliyeishi na mpango wako miaka kumi na moja! Nilichoweza kufanya ni kimoja: nilikwenda nikaihamisha mimea kivulini upande wa pili, nikamwambia Umm Fahad kuwa imeshameza ya kutosha na sasa inapumzika. Vingine vyote nikaviacha, nikasoma kila dua ninayoijua, na nyingine nikazisoma nusu.

Alhamisi ikafika. Madam Hanan aliingia ananukia udi wako uleule, nikataka kulia kabla hata ya kuogopa. Akaizunguka nyumba polepole. Akaangalia taa. Akaangalia tangi la samaki. Akafungua stoo, akaikuta mashine, akafunga. Mwisho akaingia chumba cha Nekesa, akaona Biblia yake dirishani na taulo limeanikwa vizuri. Nekesa alikuwa jikoni, Umm Fahad ameitwa na simu. Tukabaki wawili.

"Fatuma. Kibla ya daftari hili ni ya wapi?"

Nikashika mlango. Unanijua mimi, Shangazi. Ni yule yule aliyemwomba radhi askari wa uwanja wa ndege kabla hajaniuliza jina. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema: "Ya Jeddah, madam. Nimepanga kinyume. Ukitaka nitarekebisha yote, taa, samaki, bata, yote leo hii. Lakini huyu asirudi stoo. Mle hapumui."

Sikuwahi kumwambia madam yeyote neno "lakini". Nilingoja paa lianguke.

Madam Hanan akakaa juu ya kitanda cha Nekesa, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya abaya. Akasema mwanawe aliporudi masomoni alimsomea kile kitabu chote, kuanzia jalada hadi jalada. Hakuna mahali Mchina amesema mpishi alale wapi. Wala hajataja bata wa kioo. "Rukia alichoka kupangusa," akasema. "Na chumba alichojipa kilikuwa na upepo kuliko changu."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia kwamba amejua.

"Ningemwambia nini? Nyumba ilikuwa nyepesi. Nilishaizoea." Kisha akalainisha shuka la Nekesa kwa kiganja. "Tangu aondoke imekuwa nzito."

Umm Fahad akaingia, akauliza kwa wasiwasi kama mpango umekaa sawa. Madam Hanan akasimama. "Ni kama mkono wa Rukia mwenyewe. Usiguse kitu."

Jumamosi bosi akaniita akanipa ikama mpya. Ilikuwa na duara la kahawa mgongoni.

Shangazi, nina aibu kidogo. Nilikuwa nawahadithia wenzangu chuoni kwamba nina shangazi mshamba mpenzi, anayeamini mambo ya Wachina. Kumbe katika ukoo wetu aliyeamini kila mstari ni mmoja tu, na ndiye mwenye shahada. Wewe ulisimama jikoni kwa watu, na kitabu cha wenyewe, ukajitafutia upepo bila kumgombeza mtu. Nakuona sasa ukinikejeli: "Mwanangu, wewe umesoma, hukuelimika." Sema tu. Ningelipa chochote kukusikia ukisema.

Nakuaga kwa kukuahidi mambo mawili. Kwanza, likizo ikitoka nitakuja Jeddah, nitakwenda Makka, nitakufanyia Umra kwa jina lako, taratibu, bila kukosea hesabu. La pili nimeshalianza. Waajiri wakija kujaza fomu, nawauliza swali ambalo halimo: chumba atakacholala kina dirisha? Wakiniuliza kwa nini, nasema ni feng shui. Hakuna hata mmoja aliyebishana. Wengine wanaandika.

Ukitaka kunijibu, tafadhali usimjie mama ndotoni. Kabla hajanawa uso atakuwa ameshaituma ndoto kwenye kundi la familia, na amekosea nusu. Njoo kwangu moja kwa moja. Nakaa jengo la nyuma ya ofisi, ghorofa ya tatu, mlango wenye kibandiko cha tembo. Tuko wasichana watatu. Kitanda cha kwanza ni cha Mfilipino, usimguse, mwoga kuliko mimi. Changu ni kile kilicho kando ya friji. Ijumaa baada ya Adhuhuri wenzangu hutoka, na mimi hulala kidogo, simu nimeizima. Usiogope kuniamsha. Huku kote mimi ni Fatuma tu, wa ofisini na wa nyumbani. Wewe niite Tima kama zamani, nitajua ni nani.