Mlingoti Juu ya Kiwanda cha Mikate

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila usingizi umetupa kisogo. Kwa vile simu huisikii tena, nakuandikia: kibali kimetoka! Miezi kumi na moja ya "njoo wiki ijayo". Mume wangu amesimamisha mlingoti juu ya paa la kiwanda cha mikate. Intaneti tunainunua kwa jumla kutoka kampuni kubwa, ile ile inayotamani tufe, kisha tunairusha kwa antena hadi mitaa ambayo wao hawaijali. Tuna nyumba kumi na tisa na zahanati. Majirani wanatuita Kampuni ya Mke na Mume.

Bintiyo

20 Machi

Binti yangu,

Marahaba, mama. Magoti yananung'unika lakini yananifikisha msalani. Barua yako nilimsomea jirani kwa sauti ya kiziwi, akaziba masikio. Mimi nilipanda nguzo za simu maisha yangu yote, leo mwanangu ana mlingoti wake! Mwambie mkwe wangu asipande kukiwa na upepo. Mteja akipiga kelele, mwache apige.

Baba yako

2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Najua magoti yalikuzuia kuja mazikoni. Kaka alikupa habari, lakini yote hayajui.

Upepo ulipindisha antena, wateja wote wakakatika. Mtaani watu wa kampuni kubwa walikuwa wakigawa vipeperushi. Simu hazikunyamaza. Mume wangu akasema, "Tungoje upepo utulie."

Nikamjibu, "Ukingoja, jioni hatuna mteja hata mmoja. Kama unaogopa, nitapanda mwenyewe."

Alifunga mkanda wa usalama, akapanda. Na aliinyoosha, Baba. Taa zikawaka kijani. Nilikuwa nikishangilia na muuguzi wa zahanati kwenye simu mkanda ulipokatika.

Watu wananiambia ni kazi ya Mungu, nami naitikia. Mama mkwe ananipikia, ananikanda mgongo, ananiita mwanangu. Ofisi nimeifunga.

Bintiyo

12 Septemba

Mama yangu,

Marahaba. Mimi sitakuambia ni kazi ya Mungu.

Nilipokuwa msimamizi, nilimtuma mwenzangu apande nguzo iliyolowa. Aliniambia, "Ngoja kidogo." Nikamcheka mbele ya wenzake, akapanda, akaanguka, akafa. Mkewe nilimwambia aliteleza tu. Aliniandalia chai, akanishukuru kwa kumbeba mumewe. Mama yule naye amekufa akiamini hivyo. Hata marehemu mama yako sikumwambia. Masikio yamekufa, lakini ile "ngoja kidogo" naisikia kila siku.

Usinywe chai ya mama mkwe wako kama mimi nilivyoinywa. Mwambie ulivyoniambia. Huenda akakufukuza, na haki atakuwa nayo.

Lakini usiende peke yako. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa. Usijibu, barua itanikosa njiani. Tutakwenda sote wawili, wewe utasema, mimi nitakushika mkono. Akitufungia mlango, tutakaa hapo nje.

Baba yako