Nyama ya Pratiki

Nyabiondo, Masisi
Jumapili ya Pentekoste, tarehe 5 Juni 2022

Mpendwa dada yangu Kasoki,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Barua zako mbili nilizipata, moja kwa mkono wa padri, nyingine kwa mkono wa dereva wa Walikale, na zote nilizisoma mezani kwa sauti. Sababu ya kutojibu ni uvivu tu. Ningeweza kutaja mvua na kusahihisha mitihani, lakini visingizio vya wanafunzi sivikubali, basi na vyangu sivikubali.

U hali gani? Je, presha imeshuka? Unameza vidonge kila asubuhi kama ulivyoagizwa, au bado unangoja mpaka kichwa kikuume? Duka la vitambaa linaendeleaje hapo Kisangani, na wale wadogo wawili wanasoma? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda kilima cha shule. Mke wangu Léontine ana nguvu zake zote, na ulimi wake pia. Maharage yameshika vizuri, ingawa mvua ya Aprili iliyapiga sana.

Mwanao Benita ni mzima. Hana homa, hana kidonda, anakula. Nalitanguliza hilo ili usiruke mistari kulitafuta. Sasa kaa chini usome yaliyobaki, maana nina hasira na sitaificha.

Unajua kwamba yuko darasa la sita la mifugo, mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwamba mimi ndiye ninayewafundisha magonjwa yanayopita kati ya wanyama na watu: kichaa cha mbwa, kifua kikuu kinachokuja na maziwa, ndui ya kima, kimeta. Kwa kimeta ninayo kanuni ambayo kila mwanafunzi huiandika mara kumi katika daftari lake. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu ikamtoka puani bila kuganda, na miguu yake isikakamae, hafunguliwi. Kisu kikipita, ugonjwa unamwagika juu ya majani na kukaa udongoni miaka mingi kuliko umri wa mwanafunzi yeyote. Mzoga huo huchomwa, au hufukiwa katika shimo refu pamoja na chokaa. Basi.

Kuna jambo la shule yetu ambalo sikuwahi kukuandikia, kwa sababu sikuliona kuwa jambo. Mnyama yeyote anayefunguliwa katika somo la vitendo, nyama yake hugawiwa walimu. Tunaiita nyama ya pratiki. Ini ni la Prefe, yaani mkuu wa shule. Mbavu ni za mkuu wa masomo. Mguu wa nyuma ni wa mwalimu mzee kuliko wote, ambaye ni mimi. Kwa kawaida ni mbuzi au nguruwe aliyechinjwa mbele yetu akiwa na afya, nami nimekula mguu wangu miaka kumi na mmoja bila kuuliza lolote.

Mwezi uliopita nilikwenda Buleusa kwa pikipiki kuzungumza na wawindaji juu ya kima wanaookotwa wamekufa msituni. Nilipita siku mbili katika matope, nikijiandaa kubishana. Sikuwa nimemaliza hata salamu, mzee mmoja akanikatiza.

"Mwalimu, kima ya kufa yenyewe sisi hatugusake. Baba yetu alitukatazaka. Unakuya kutufundisha ao kutuuliza?"

Wakacheka wote, nami nikacheka. Ni watu wasio na cheti hata kimoja. Yakumbuke hayo unaposoma waliyofanya wenye vyeti.

Jumanne, nikiwa bado huko, ng'ombe wa Mama Mukankusi alikutwa amekufa. Huyu ni mjane mwenye malisho juu ya shule yetu. Jana yake ng'ombe huyo alikuwa amekamuliwa vizuri. Mama Mukankusi alifanya lililo sawa kabisa: hakumgusa, alikuja shuleni mwenyewe kuomba watu wa mifugo watazame kilichomwua. Kati ya maneno yake yote, Prefe alisikia "ng'ombe" tu.

"Njo pratiki ya darasa ya sita hii," akasema. "Mungu ametuletea."

Mzoga ukavutwa kwa kamba hadi bandani. Mwalimu Jérémie, kijana aliyeshika somo langu wiki ile, alimpa Benita kisu kwa kuwa ndiye wa kwanza darasani. Glavu zilikuwapo, sanduku zima, ila zilifungiwa katika kabati la Prefe zikimsubiri mkaguzi azione zikiwa mpya. Mwanao alimzunguka ng'ombe mara moja, akainua mguu wa mbele, ukaanguka legelege.

"Papa Mwalimu, huyu asifunguliwe," akasema. "Angalia damu ya pua, haigande. Njo ile Papa Kataliko alituandikisha."

"Unaogopa damu?" Jérémie akamjibu. "Basi rudia Kisangani, uuzishe bitambaa na mama yako."

Darasa zima likacheka. Benita akaweka kisu chini. Symphorien, anayekaa naye dawati moja, akakiokota akapasua. Hayo niliambiwa na wanafunzi sita, kila mmoja peke yake, na maneno yao hayakutofautiana.

Ilipofika adhuhuri nyama ilikuwa imepangwa juu ya majani ya mgomba katika chumba cha walimu, kila fungu na karatasi yake yenye jina. Benita aliingia bila hodi, ameshika debe la dawa ya kuoshea vyoo, akalimwaga juu ya mafungu yote. Kisha akakimbia nyumbani, kwa sababu Léontine alikuwa amekwisha kuuchukua mguu wangu na kuuteleka. Aliitoa sufuria mekoni akaitumbukiza chooni, nyama na sufuria pamoja.

"We mutoto, umerogwa?" Léontine akapiga kelele. "Mujomba wako akirudia atakula nini, kitabu?"

"Akirudia atanishukuru. Na weye, Mama Léontine, nawa mikono. Nawa sasa. Na sabuni!"

Léontine anakiri kwamba alinawa. Anasema ni kwa sababu ya ile sauti. Sufuria bado anaililia mpaka leo.

Nilirudi Jumatatu iliyofuata, nikamkuta Benita akipalilia maharage siku ya masomo, ndipo nikajua kwamba amesimamishwa. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Symphorien. Juu ya kifundo cha mkono wake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti, kimevimba pembeni, katikati cheusi kama kaa.

"Haiume, Papa," akaniambia kwa fahari.

Hilo ndilo lililonitisha, maana kidonda cha kimeta hakiumi. Nilimpandisha pikipiki hadi kituo cha afya. Muuguzi alimdunga sindano siku saba, na sasa mkono unashika kalamu.

Kesho yake mke wa Prefe alikuja kwangu kwa mlango wa jikoni, amejifunika kitambaa usoni. Ini lilikuwa limekwisha kufika kwake kabla ya debe la Benita.

"Papa Kataliko," akauliza polepole, "mutoto akitapika na iko na homa, ile ugonjwa yako inaanzaka vile?"

Nilimwambia ampeleke mtoto kituoni saa ileile, asinisubiri hata nivae koti. Mtoto alitibiwa, amepona. Siku iliyofuata baba wa mtoto huyo alisimama mbele ya bendera na kuwatangazia wanafunzi kwamba hapa shuleni hapakuwa na ugonjwa wowote, palikuwa na utovu wa adabu.

Mtu amemwona mwanawe akitapika, kisha anasimama mbele ya watoto wa watu kusema uongo! Najua kwa nini. Akiliandika neno kimeta, soko la ng'ombe litafungwa, mkaguzi atakuja, na swali lake la kwanza litakuwa juu ya glavu zilizo kabatini. Kwa hiyo badala ya kuandika ugonjwa, amemwandika mwanao. Mashtaka ni mawili: kuharibu chakula cha walimu na kumdharau mkubwa. Ama apige magoti mbele ya bendera, aombe radhi na kutamka kwamba alikosea juu ya ng'ombe yule, ama jina lake litolewe katika orodha ya mtihani wa Serikali. Mtihani umekaribia, Kasoki. Miaka sita ya masomo inaweza kuishia kwenye ini la mtu mmoja.

Na aliyetumwa kumshawishi ni mimi.

"Papa Kataliko, tunakujua, weye hauchezake na disipline," Prefe aliniambia. "Ambia mutoto apige magoti dakika mbili tu, mambo iishe."

Ni kweli sichezi na nidhamu. Nimewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa shati lisilochomekwa. Nilimfikishia Benita maneno hayo kama nilivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Magoti nitapiga, Mujomba. Niliingia bila hodi, ile ni kosa yangu. Na sufuria ya Mama Léontine, nayo ni kosa yangu. Lakini kusema ile ngombe haikukuwa na kitu? Kesho Symphorien akiona ingine ya vile, atafungua tena, na miye njo nitakuwa nimemuambia afungue."

Nilichukua jembe la pili, nikapalilia naye mpaka mwisho wa mstari.

Hasira yangu haiishii kwa Prefe. Zile karatasi zenye majina ni mwandiko wangu. Nilizikata mwenyewe miaka mitano iliyopita ili mgao uende kwa utaratibu, na tangu hapo zinatunzwa katika droo pamoja na chaki. Jérémie naye alikuwa mwanafunzi wangu. Aliandika kanuni ya kimeta mara kumi kama wengine, kisha kila pratiki akaniona nikishuka kilima na mguu wa nyuma begani. Alishika kile alichokiona. Nimefundisha kwa ubao na kulifuta somo kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Tulichoweza kufanya tumekifanya. Mimi na Mama Mukankusi tulikusanya mabaki kwa majembe, mikono tukiwa tumeifunga mifuko ya plastiki, tukayafukia kwa chokaa na kuzungushia miiba. Ng'ombe wake wengine amewahamishia upande wa pili wa kijito. Kisha niliandika ripoti kwa daktari wa mifugo wa teritwari yetu nzima ya Masisi. Prefe aliisoma nakala, akaniambia kwamba ripoti hiyo ikitoka Nyabiondo, nisijisumbue kurudi Septemba. Imekwisha kutoka. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Léontine alininunia siku mbili, kisha akaanza tena kusema, kwa sababu kunyamaza kunamchosha kuliko kulima.

Baraza la nidhamu litakaa Alhamisi hii. Tuko watano. Prefe na mkuu wa masomo wamekwisha kuamua. Mama Emérence, mwalimu wa Kifaransa, yuko pamoja nami, na ameniambia hivyo bila kunong'ona. Wa tano ni Jérémie.

Jana alikuja akasimama nje ya uzio wetu, hakutaka kuingia.

"Mwalimu, nikisema ilikuwa kimeta, njo nimekubali miye nilitoa kisu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndivyo hasa utakavyokuwa umekubali."

"Na kazi yangu?"

Nikamwambia kwamba kazi yake sijui, na yangu pia sijui. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Sikuweza kumsoma.

Nitakapopewa neno, nitataja kwanza jina langu na miaka yangu kumi na mmoja. Nitaomba nyama ya pratiki ikomeshwe kuanzia siku hiyo, na kwamba hakuna mnyama atakayefunguliwa shuleni ila glavu zikiwa mikononi mwa watoto. Wakimfukuza Benita, sitangoja Septemba. Nitatoka naye mlango mmoja, na nitamtafutia shule nyingine atakayoweza kufanyia mtihani mwakani.

Sasa neno linalokuhusu wewe, na ni gumu kuliko yote. Barua hii itakufikia baada ya Alhamisi. Juu ya kilima simu inashika. Ningeweza kupanda wiki nzima hii nikakupigia. Sikupanda. Nakujua, mdogo wangu: ungelia, ungemwambia apige magoti aseme wanachotaka, asome, mengine yaje baadaye, naye kwa ajili ya machozi yako angesema uongo ule mbele ya bendera. Wewe ndiye mama yake, na uamuzi huo ulikuwa wako. Nimekunyang'anya. Sikuombi unisamehe leo, kwa kuwa ningerudia kufanya vilevile. Nimeona ni heshima kukuambia mwenyewe, kabla hujaambiwa na mwingine.

Nisalimie shemeji Jean-Claude, na umwambie asome naye barua hii, asisimuliwe tu. Wasalimie wale wadogo wawili, na Mama Adelaïde jirani yako aliyempa Benita lile koti la mvua, analivaa. Léontine anakusalimu sana, na Benita anasema meza vidonge vyako kila siku. Mungu aliyekulinda hadi leo aendelee kukulinda wewe na nyumba yako, na awape watoto wetu walimu bora kuliko sisi.

Alhamisi baraza likishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, uamuzi uwe mwema au mbaya, na nitakutajia kila mmoja na upande aliosimamia, hata kama wa aibu ni wangu.

Kaka yako akupendaye, hata utakapomkasirikia,

Kataliko