Mama Yangu Kwenye Kisanduku cha Nne

Jumatatu, mwezi wa sita. Saa moja ya asubuhi joto lilikuwa limeshanishinda. Kiyoyozi cha gari kinakoroma tu, shela imeganda shingoni, na mbele yangu taa nyekundu za breki mpaka jicho linapoishia.

Nina hasira leo. Nasema mapema, ili baadaye nisijifanye muungwana.

Natoka nyumbani Maabela, pembezoni mwa mji wetu huku Uarabuni, saa kumi na mbili na nusu, naingia ofisini karibu na saa mbili, kila siku ya Mungu. Kila gari ninaloliona lina mtu mmoja tu ndani, kama mimi. Kwa hiyo ile ada wanayotaka kutoza magari yanayoingia mjini asubuhi niliipenda tangu siku ya kwanza nilipoisikia. Walipe! Wenye shida ya kweli waje, na wanaokuja kuzurura wasubiri saa nne, barabara ikiwa tupu.

Bado ni wazo tu, hakuna lililoamuliwa. Ofisi yetu inatoa ushauri wa mambo ya barabara, na tumepewa kazi ya kuwauliza madereva wanaingia mjini kufanya nini. Fomu ziligawiwa kwenye vituo vya petroli. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, watu wameshaanza kuilaani ada ambayo haijazaliwa. Hawajui kwamba anayepanga majibu ya fomu hizo ni mimi.

Naandika hapa kwa sababu hapa sina jina, na kwa sababu bosi wangu hajui Kiswahili.

Kazi yenyewe ni hivi. Fomu inauliza: sababu ya safari? Mtu anajibu kwa maneno yake, mimi natia jibu kwenye kisanduku. Cha kwanza kazi, cha pili masomo, cha tatu matibabu na kuuguza, cha nne matembezi. Wiki iliyopita niliyapanga yote kwenye kompyuta, yakiwa yameshachapwa, haraka haraka, huku nakula sambusa. "Kunywa kahawa na ami yangu," matembezi. "Kumuamkia bibi," matembezi. "Kunywa chai na dada yangu, kila siku," matembezi, tena huyu nilimcheka. Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, mwone huyu, kazibia watu wazima njia kwa ajili ya kikombe cha chai.

Kisanduku cha tatu kikabaki karibu kitupu. Basi ripoti ikaandikwa kwamba wanaouguza ni wachache, kwa hiyo hapana haja ya kuwapa kibali cha kupita bure. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Niliiona nzuri.

Leo nikaletewa karatasi zenyewe nizihakiki, maana kesho ripoti inaondoka. Karatasi kama ya arobaini hivi, nikauona mwandiko. Ile herufi kaf ya Kiarabu iliyolazwa ndefu, kama anayeiandika ana siku nzima mbele yake. Mwandiko huohuo uko kwenye mitungi yote ya achari iliyomo jikoni kwangu.

Mwanamke, zaidi ya miaka sitini, anaendesha mwenyewe, anatoka Qurayyat saa kumi na moja na nusu. Sababu ya safari: kunywa chai na dada yangu, kila siku.

Ni mama yangu.

Mama haendi kunywa chai. Dada yake, mama mkubwa Zuwena, anakaa Sidab, humu mjini, na huu mwaka wa tatu akili yake inampotea kidogo kidogo. Kiarabu chote kimemtoka, kimebaki Kiswahili cha utotoni Unguja. Yupo msichana wa Uganda anayemtunza, mpole, anamwosha na kumvisha, lakini chakula mama mkubwa hakipokei ila kwa mkono wa mama yangu. Mama asipokuwepo anapoamka, hufunga mdomo mpaka jioni. Tulijaribu kumhamishia Qurayyat, akatoroka siku ya pili kutafuta mlango wake. Baba naye hataki kusikia habari ya kuhama. Basi mama anaendesha, kwenda na kurudi, na umri ule.

Yote haya nayajua. Nayajua, na bado nilimtia kisanduku cha nne na kumcheka juu yake.

Nilitoka nje kwenye maegesho nikampigia. Masalkheri, mama. Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwamba anauguza.

"Nimwandikie mtu baki kwamba dada'angu hajijui? Hebu niondokee," akasema. "Kwani chai hatunywi? Nnamnywesha, na mie nnakunywa."

Nikamweleza habari ya kibali. Nikamwambia bila kibali atalipa kila siku, kuanzia saa kumi na mbili.

"Silipi. Ntatoka saa tisa. Saa tisa hawana mlango wa kunifungia."

"Saa tisa za usiku, mama? Na jicho lako?"

"Njia naijua. Na magari hamna."

Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho. Mwaka jana, na ilikuwa magharibi tu, aligonga mbuzi wa watu akidhani ni mfuko. Kile kipande cha njia ya milimani baina ya Qurayyat na mji, giza totoro, peke yake, ili awahi kabla ya ada niliyokuwa naishangilia. Ninamjua. Akisema atatoka, atatoka.

Nilirudi mezani nikaitoa fomu yake nikaitia kisanduku cha tatu. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Halafu nikaziangalia zile nyingine. Huyo wa kahawa na ami yake, ami yuko vipi? Anayemuamkia bibi kila siku saa kumi na mbili, bibi anaweza kuinuka kitandani? Sisi ni watu wa sitara, mgonjwa wa nyumbani hatangazwi kwenye kituo cha petroli. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na sikulikumbuka.

Fomu hazina majina. Hakuna wa kumpigia.

Kabla ya kutoka nilimwandikia bosi: ripoti isiende kesho, kisanduku cha nne si cha kuaminika, kosa ni langu. Nikapeleka kabla sijabadili nia, nikaingia kwenye foleni.

Sasa tumeshaswali Magharibi, na jibu lake limeingia. Neno moja.

"Sababu?"

Nimeandika: mambo ya kiufundi. Nikafuta. Nimeandika: nilipitiwa kidogo. Nikafuta. Na mimi natafuta neno la kujisitiri, mie niliyemcheka aliyeandika chai.

Kesho nitakwenda kumwambia bosi uso kwa uso. Fomu ile ni ya mama yangu, na haendi kunywa chai. Zaidi ya hapo asiniulize.