Tromboni ya Kupiga Mara Moja Moja

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tano ya ndoa. Bado nikisikia funguo zake mlangoni nasahau ninachofanya — leo nimeushona mfuko wa suruali ya mteja ukaziba kabisa. Nimefumua, nikicheka peke yangu.

Wifi alipita na picha ya zamani. Mume wangu kwenye bendi ya shule, kofia imemzidi kichwa, tromboni begani. Mwembamba kama sindano! Na hajawahi kuniambia! Nikauliza kwa nini aliacha. Wifi akasema hilo nimuulize mwenyewe, yeye hamo.

Nilimuuliza alipokuwa anakata mapera. Huyakata kwa kisu, vipande vyembamba, hang'ati kamwe. Nimeolewa na mstaarabu! Akasema ni mambo ya utoto yale. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unateleza mezani, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Niliuona. Jumapili ni siku yake ya kuzaliwa. Atapata tromboni — ya kupiga mara moja moja tu, jioni, mimi nikisikiliza.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa fundi wa ala za muziki, nyuma ya stoo ya mbao. Mzee mkavu, haongei mpaka aulizwe. Kumbe tromboni zina aina! Ya besi ni nzito kama mzigo wa kuni. Ya kupigia nyumbani ni ya sauti ya tatu, ile ile ya wanaume kwenye kwaya. Za hivyo anazo tatu. Ya kwanza mpya, inang'aa, ila mkono wa kuvuta, lile bomba linaloteleza mbele na nyuma, unakwama katikati. Ya pili ina bomba la ziada nyuma, husaidia mwenye mkono mfupi kupata noti za mbali, lakini bega la kushoto litalipia. Ya tatu kuukuu, imebonyea. Fundi akaisimamisha, akauachia ule mkono wa kuvuta. Ukateremka wenyewe, kimya. Kama zipu nzuri!

Akasema mtu wa mara moja moja hahitaji kung'ara, anahitaji kitu kisichomgombeza akikirudia baada ya mwezi. Kisha akauliza mkono wa mume wangu una urefu gani. Mimi, fundi cherehani — sijui! Aibu iliyoje.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempima kwa kisingizio cha shati. Bega hadi kifundo, sentimita sitini na nne. Twiga wangu! Bomba la ziada la nini? Nilipima mara tatu, na wala sikuwa nimekosea. Sasa anaulizia shati ni la rangi gani. Itabidi nilishone kweli.

Jumamosi, 9 Machi
Nimechukua ile kuukuu. Fundi ametoa sharti: ikifika Jumamosi ijayo haijapigwa, niirudishe. Yupo mwalimu wa muziki anaingoja, na yeye fundi hauzi mapambo ya kabatini. Nikamwambia asijisumbue kungoja, itapigwa kesho asubuhi.

Jumapili, 10 Machi
Alifungua kasha, akaitoa tromboni. Akaipangusa kwa mkono wa shati jipya. Akavuta mpaka mwisho — unafika! Nikamwambia apulize. Akasema majirani. Saa nne asubuhi, na gereji ya pembeni wanagonga mabati! Akanikumbatia muda mrefu sana, akairudisha kwenye kasha.

Jumanne, 12 Machi
Anaipaka mafuta kila jioni. Hapulizi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimemuuliza kama nilikosea kuchagua.

"Hukukosea," akasema. "Ungekosea ingekuwa rahisi."

Kisha akaingia kupiga mswaki, akafunga mlango kwa ufunguo kama kawaida yake. Siku zote nilisema ni usafi. Leo sijui.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwambia kesho nairudisha. Sikusema kwa hasira, nilitaka tu mtu anayeitaka aipate. Nikaanza kufunga kasha. Akaweka kiganja juu ya kifuniko.

Akanieleza akiwa ametazama dirishani. Kidato cha tatu, gwaride, ngazi za jukwaa. Akajikwaa huku anapuliza, chuma kikamrudia mdomoni mbele ya shule nzima.

"Jino la mbele si langu," akasema. "La kubandika. Nikipuliza nalo linacheza. Na sikutaka unione bila."

Mapera! Mlango wa bafu! Wiki zote hizi namsifia ustaarabu kumbe mtu anaficha jino! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikufanya lolote. Akanigeuzia mgongo. Akanipa kitu ndani ya leso, akachukua tromboni, akaingia chumbani na kufunga mlango. Safari hii bila ufunguo.

Niko mezani kwa cherehani. Jino liko mkono wa kushoto, dogo, lina kijiwaya. Bado lina joto lake.

Ndani ni pumzi tu. Hewa inapita kwenye bomba, hakuna sauti. Tena. Tena. Sasa imetoka moja — si noti, ni ng'ombe aliyekanyagwa mkia! Nimeuma kidole. Kimya.

Moja nyingine. Ndefu. Inatetemeka, lakini imesimama.

Ananiita. Jina langu limetoka na upepo katikati, sijawahi kulisikia likiitwa hivyo. Anauliza nisikilizie huku huku au niingie.